Swichibodi ya Matundu Ishirini

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu, fundi wa kompyuta katika chuo kimoja hapa Iringa, alikuja kwangu na wenzake wawili kula chakula cha mchana. Walikuwa wanabishana seva ipi chuo kinunue. Kazi ya seva hiyo, walinieleza, ni kukaa katikati ya wanafunzi na intaneti na kutunza nakala za kurasa, ili mia wakiulizia ukurasa mmoja wapewe nakala iliyopo badala ya kila mmoja kuufuata mbali. Mmoja alitaka mashine ya kupokea watu wengi kwa mpigo. Mwingine alitaka yenye memori kubwa. Niliwauliza kama mashine hiyo itajua nakala yake ni ya saa ngapi. Wakacheka, wakasema shangazi naye.

Mimi nilishachagua mashine ya namna hiyo, miaka ya sabini, kabla wao hawajazaliwa.

Nilikuwa msichana wa Ilomba, Mbeya, niliyepata kazi Iringa kwenye kampuni ya malori. Nilikaa kwenye swichibodi, ile bodi ya kuunganishia simu. Kila mwenye shida na barabara alipiga kwetu: wenye maduka, maofisi, wake wa madereva, wauza nyanya wa Ilula. Swali lao lilikuwa karibu moja, la mteremko wa mlimani kwenye barabara ya Morogoro: Kitonga kunapitika? Kujua, ilibidi nipige kituo chetu kilichokuwa chini ya mteremko, na laini ya kwenda nje ilikuwa moja tu, hiyo hiyo ya kupigia Mbeya, na hiyo hiyo ambayo kituo kilitupigia. Basi nikajitungia njia. Nikishauliza mara moja, naandika jibu kwenye kauntabuku, pembeni naandika saa, na wanaofuata nawasomea. "Saa tatu walisema kunapitika," nawaambia, mtu anaamua mwenyewe. Nikiona saa imepita sana, napiga tena. Nilijiona nina akili sana, na kwa kweli nilikuwa nayo.

Ila bodi ilikuwa ya matundu kumi, kila mpigaji tundu lake, na waliokosa nafasi walinitukana walipoipata. Siku moja meneja, mzee mpole wa Kihehe, aliniwekea mezani picha mbili za bodi mpya. Bodi ya kwanza ilikuwa na matundu ishirini ya wapigaji, laini ya nje ileile moja. Ya pili ilibaki na matundu kumi, lakini ingekuja na laini ya pili ya kwenda nje.

"Wewe ndiye utakayekaa nayo, binti," alisema. "Ipi?"

Sikufikiri hata dakika tano. Nilichoka kutukanwa, na ile ya ishirini ilikuwa inang'aa. Hakuna aliyenishauri vibaya, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wiki ya kwanza nilitembea mabega juu. Kila tundu lilikuwa na kibati kidogo kinachoanguka mtu akipiga, na sasa vibati vilianguka tangu asubuhi bila kupumzika. Watu walipoona simu yetu inapatikana, wakapiga zaidi. Wengi walitaka kuunganishwa na Mbeya, kwa hiyo kila nilipoitaka laini ya nje niulize habari za mlima, nilikuta kuna mtu anaongea. Kuuliza kukapungua, kusoma kukaongezeka. Masika yalipoanza nilikuwa nimeacha kuandika saa. Sikumbuki siku niliyoamua kuacha. Niliandika neno moja, "wazi", nikageukia kibati kingine.

Mvua ya mwaka ule ilinitisha. Ilinyesha siku nne, ukungu ukashuka mpaka dirishani, na madereva waliorudi walisema mlima unatoa maji mahali ambapo haujawahi kutoa. Niliwasikia, nikaendelea kusoma.

Siku ya tano, saa nane mchana, kaka yangu alipiga kutoka dukani Ilula, kabla ya mteremko. Alikuwa dereva wetu, anapeleka mzigo Morogoro. Ndiye aliyenitafutia kazi ile.

"Mdogo wangu, Kitonga vipi? Huku wingu limekaa vibaya."

Vibati sita vilikuwa vimeanguka. Nikatazama kauntabuku: wazi. Niliandika asubuhi ile, au jana yake jioni. Sijui, na sitajua.

"Kuko wazi, kaka."

"Una hakika?"

"Si nakusomea hapa."

"Haya. Kama ni wewe unasema, nashuka."

Dakika kumi hazikupita, laini ya nje ikaachiwa, na kabla sijaigusa ikaita yenyewe. Alikuwa mtu wa kituo cha chini. Alisema mlima umeporomoka, lami imeondoka upande mzima, na tangu saa tano wanatupigia, hatupatikani. Hakunigombeza. Nilipiga Ilula, nikakosea tundu mara mbili.

"Kamwene, dada," mwenye duka alinisalimia taratibu, kama kawaida yake. "Kaka yako ameshaondoka. Kaacha tenga la nyanya, kasema ni la mama, atalipitia akirudi."

Kutoka pale hadi mteremkoni hakukuwa na simu nyingine. Meneja alituma Landrova, ingawa sote tulijua haitamfikia. Kwa lori lile ilikuwa kama saa nzima ya njia. Nilikaa nikitazama saa ya ukutani kwa saa hiyo nzima, vibati vikianguka, sikupokea hata kimoja.

Lori lilionekana kesho yake, chini kabisa. Tulimzika Mbeya. Watu walipotawanyika, mama aliniita jikoni.

"Wewe unakaa kwenye simu," alisema. "Nani alimwambia kuko wazi?"

"Watu wa kampuni, mama."

"Mungu atawauliza."

Alifariki bila kujua zaidi ya hapo. Mke wa kaka alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mtoto mwenyewe ndiye huyu fundi wa kompyuta.

Siku ile ya chakula, wenzake walipotangulia kutoka, alibaki ananawa mikono.

"Shangazi, hilo la saa umelijulia wapi?"

Nilimwambia nililisikia redioni.