Masikio Niliyopewa Badala ya Shule

Hadi leo, mahindi yakimwagwa kwenye karai la bati, mimi husimama nilipo. Hasira hunipanda kwanza, kumbukumbu hufuata.

Surua ilinipofusha kabla sijajua kutembea. Baba alinunua mahindi pale Busia, upande wa Uganda, akiwauzia Wakenya waliovuka. Wauzaji nao wana ujanja wao: makavu juu ya gunia, mabichi chini. Basi Baba alinikalisha mkekani mlangoni. Gunia likifika, anachota ya chini, anamwaga karaini, nami nasikiliza. Makavu hulia kwa ukali, yakirukaruka. Yenye maji hujibwaga tu, mazito. Sikukosea. Akina mama wa Bulumbi waliotuuzia mahindi walianza kujitetea hata kabla ya gunia kushuka baiskelini. Wengine walinong'ona kwamba nina jini, na mnong'ono wao niliusikia vizuri sana. Nilijiona malkia.

Siku moja akaja Mwalimu Achieng kutoka Tororo, akitafuta watoto wasioona wa kupeleka shule ya bweni, wanakosoma kwa vidole. Alinishika mikono, akanipapasa vidole kimoja kimoja.

"Hajji, nipe hii mtoto. Ada hakuna."

Moyo ulinidunda hadi karai likanipotea masikioni. Nilitaka kwenda, jamani. Nilitaka sana.

Baba alicheka. "Mwalimu, hii mtoto Mungu alinyima macho, akapea masikio. Unataka nini tena? Nani atanisikilizia mahindi?"

"Na yeye, Hajji, nani atamsomea?"

Baba aliniita nisikilize gunia jingine. Jioni majirani wakanifariji: Mungu hakunyimi vyote. Niliichukia kauli hiyo, na bado naichukia.

Nilikuja kuelewa nikiwa mama wa watoto wawili, nilipomsikia daktari redioni. Alisema mtoto akipofuka mapema, ile sehemu ya ubongo iliyokuwa ya kuona hailali bure. Hupewa kazi nyingine. Hujifunza sauti. Na ikifundishwa, hujifunza pia kusoma kwa vidole. Kumbe hapakuwa na jini wala fidia kutoka mbinguni. Ni ubongo wangu mwenyewe uliojifunza kile ulichoachiwa, na pale mlangoni uliachiwa magunia tu.

Nukta nundu nimejifunza ukubwani. Ukurasa mmoja hunimalizia asubuhi nzima. Baba ameshakufa, na watu wa kwetu husema marehemu hasemwi vibaya.

Mimi namsema.