Viwavi wa Tumbo Moja

Mama yangu hakubali kushindwa na mtu, sembuse mdudu. Ndiyo maana Januari ile nilikasirika kumkuta ameketi kibarazani kwake Litembo, amekunja mikono, huku mahindi yake yanaliwa.

Nilikuwa likizo. Nafundisha baiolojia Songea, na kaka zangu walikuwa wameshaamua kwamba shamba lisipomlisha mwaka ule, mama atahamia kwangu. Nampenda, na ningempokea kwa mikono miwili, lakini nilijua kumng'oa kwenye ngolo zake ni kumuua taratibu. Ngolo ni mashimo yetu ya Wamatengo huku milimani. Kingo zake tunazijenga kwa nyasi zilizofukiwa, mvua isije ikabeba udongo. Ameyachimba tangu usichana wake.

"Watapita," aliniambia. "Viwavijeshi hawana makao. Wanakuja kundi, wanakula, wanazama ardhini, basi. Ukihangaika nao unajichosha bure."

Mdharau mwiba mguu huota tende, nilitaka kumwambia, ila methali zote amenifundisha yeye. Na alisema kweli, lakini kuhusu viwavi wengine. Wale wa zamani, weusi, huvamia kwa pamoja na kutoweka kwa pamoja. Nilipofunua moyo wa mhindi mmoja, nilimkuta kiwavi peke yake, mnene, amejificha ndani ya kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Usoni alikuwa na herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyopangwa mraba. Huyu hapiti. Nondo wake hutaga tena na tena shambani humohumo, na watoto wakibanana hulana wao kwa wao.

Nikaanza somo: jenasi moja, Spodoptera, spishi mbalimbali. Mama akapiga miayo. Nilichemka.

"Mama, dada na mimi hatukutoka tumbo moja?"

"Tena kwa uchungu."

"Dada akija hapa anafanyaje?"

"Anakula, anaaga."

"Na mimi?"

Alinitazama, akalitazama na begi langu lililojaa, kisha akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Wewe unahamia!"

"Basi huyu kiwavi ni mimi. Ukimsubiri aondoke, utaondoka wewe."

Akaacha kucheka. Asubuhi iliyofuata alikwenda mwenyewe kuwaita majirani, na akina mama wakaja na makopo ya majivu yaliyochanganywa na mchanga. Tulipita juu ya kingo za ngolo tukibinya viwavi kwa vidole na kutia majivu kidogo katika kila moyo wa mhindi, huku wakiniimbia kwa Kimatengo, mwalimu mzima aliyejiita kiwavi. Kisha tukaenda kwenye mashamba yao, maana nao walikuwa wakisubiri viwavi wapite. Likizo ilipoisha niliondoka, wao wakaendelea. Sina neno la kuwashukuru linalotosha.

Mahindi mengine hayakupona. Mengine yalibeba masuke yaliyotobolewa, na mama aliyavuna hayo kwa heshima ileile.

Juni nilipanda tena mlima. Nilibisha hodi, nikasema shikamoo, akaniitikia kutoka jikoni bila kutoka. Alikuwa akisonga ugali wa mahindi yake. Nilipouonja machozi yalinitoka, nikasingizia moshi. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba siku ile, kati yetu wawili, mgeni nilikuwa mimi.