Kusimama Bila Kushusha Mguu

Juzi nilikuwa kwenye basi pale Edmonton, huku kwa Waingereza, taa nyekundu imewaka, nikamwona kijana mpeleka chakula amesimamisha baiskeli yake bila kushusha mguu. Anaiyumbisha kidogo mbele, kidogo nyuma, haendi na haanguki. Nilishuka kituo kisichokuwa changu, nikatembea hadi mtaa niliokulia, na sijui nilitaka nini huko. Nyumba ni zilezile, zimeshikana ukuta kwa ukuta, ila ya jirani yetu imepakwa rangi ya kijivu.

Nikupe habari za jirani huyo. Alikuwa mzee wa Kiingereza, mrefu, magoti yamekwisha, na mama alitaka nimwite Babu kwa sababu kwetu Mombasa mzee haitwi kwa jina. Mwenyewe alilipenda hilo kuliko jina lake. Mama alikuwa nesi, na Jumamosi akienda zamu aliniacha kwa Babu na sahani ya mahamri. Babu aliyachovya kwenye chai ya rangi ya matope, isiyo na hata harufu ya iliki. Mama angeona angeguna.

Kazi yetu ilikuwa kusafisha baiskeli. Ilining'inia ukutani sebuleni, mahali ambapo wenzake walitundika picha ya malkia. Haikuwa na breki, na pedali zake hazikujua kupumzika: gurudumu likizunguka, nazo lazima zizunguke. Nilisugua mnyororo kwa mafuta ya taa, harufu ikanikaa vidoleni mpaka Jumapili, huku Babu akisimulia.

Kabla ya vile vita vya kwanza vya dunia alikuwa bingwa wa mbio fupi za baiskeli. Alianza kwa kupeleka nyama za bucha nyumba kwa nyumba, akafika kushangiliwa hadi Paris. Mbio zenyewe zilinishangaza. Wanashindana wawili, na mwanzoni hakuna anayetaka kutangulia, maana aliye mbele humkingia upepo aliye nyuma yake, wala hamwoni. Basi hutambaa, hata husimama kabisa juu ya baiskeli, wakiviziana, mpaka mmoja achoke kungoja. Siku ya fainali yake kubwa, aliyechoka alikuwa Babu. Alichomoka, mwenzake akajibanza nyuma yake, akampita mstarini kwa upana wa tairi. Kisha vita vikaja, akarudi na goti bovu, na fainali nyingine hakuipata.

"Miguu haikunishinda," alikuwa akisema. "Kilichonishinda ni kungoja."

Maneno hayo yaliniingia, maana mama alikuwa ameshaniita kiguu na njia, na darasani nilikaa kama niliyekalia miiba. Babu akaamua kunifundisha kusimama. Tulikuwa uani kwake, kiti kimeshushwa mpaka mwisho, mkono wake mgongoni kwangu: sukuma kidogo, rudisha kidogo, tulia. Kiangazi kizima niliangukia mawaridi yake.

Majani yalipoanza kupukutika, Babu alianguka jikoni. Binti yake, aliyeishi mji wa mbali kando ya bahari, akasema hawezi tena kumwacha peke yake. Babu hakutaka kwenda. Mimi ndiyo kabisa, lakini nani angenisikiliza? Asubuhi gari lilipokuja, Babu akasema haondoki kabla hajaniona nikisimama.

Nikapanda, mbele ya nyumba, na safari hii bila mkono mgongoni. Nikasimama. Mizigo ilikuwa imekwisha kuingizwa, binti alipiga honi, mama amejiegemeza mlangoni na sare yake ya kazi, anajifuta macho. Babu alishika mlango wa gari lakini hakuingia. Ndipo nikaelewa: nikiendelea kusimama, haondoki.

"Mwache aanze yeye," aliniambia taratibu, akimwonyesha binti yake kwa kidevu. "Sisi tunangoja."

Nilingoja kuliko nilivyowahi kungoja kitu chochote. Kisha mapaja yakatetemeka, nikashusha mguu. Babu akatikisa kichwa, akatabasamu, akaingia garini. Baiskeli waliifunga juu.

Tangu hapo nimehama sijui mara ngapi, Thamesmead, Harrow, na kote huko sijatulia. Mwanangu hunijibu kwa Kiingereza kwamba sijui hata kumaliza chai yangu nikiwa nimekaa. Juzi nilisimama mbele ya ile nyumba ya kijivu, nikajiambia safari hii sitatangulia. Mama mmoja kijana akafungua mlango, akaniuliza natafuta nani. Alikuwa mpole, hana haraka, angeweza kunisikiliza. Nikasema simtafuti mtu, nikawa wa kwanza kuondoka.