Shamba la Baba Ndani ya Kabati

Naandika kwa sababu kusema kunanishinda. Nikiitwa ubaoni naangalia viatu vyangu, na darasani wananiita Mama Kimya. Lakini kuna siku moja nilisema mpaka mwisho, na sitaki mtu mwingine aisimulie vibaya.

Kwetu ni Kalunguta. Nilikuwa nasoma sekondari Butembo, nikikaa kwa shangazi. Miaka ile ya vita kahawa ya Baba ilikauka mti mmoja baada ya mwingine: majani yanageuka manjano, yanaanguka, mti unabaki kama fagio. Kabla barabara haijawa mbaya, mwanafunzi wa chuo cha kilimo cha Butembo alikaa kwetu miezi kadhaa. Alihesabu miti, alichimba udongo, alitia vipande vya shina ndani ya chupa. Mama alimpikia sombe, yale majani ya muhogo. Alipoondoka alisema majibu yatakuja.

Hayakuja. Kila nikirudi likizo Baba aliniuliza: "Ule kijana alikula sombe yetu bure? Shamba ni yangu, ugonjwa ni yangu. Jibu iko wapi?"

Jibu lilikuwa ndani ya kabati la maktaba ya chuo, nakala moja, jalada la kijani. Ndiyo desturi yao: mwanafunzi akimaliza kutetea mémoire yake, kitabu cha utafiti wake, nakala moja inaachwa pale na kufungwa kwa kufuli.

Mtunza maktaba alikuwa baba mmoja aliyetumwa kutoka mkoa wa mbali, na vita ikamkuta Butembo. Mshahara ulikuwa umekatika, lakini kila asubuhi alivaa koti lake na kufungua mlango. Nilipoomba kunakili, alicheka.

"Kusoma, ndiyo, mama. Kuandika, hapana. Bic inabaki ku mulango."

"Juu ya nini, papa?"

"Juu ya nini? Basoda balipikia maharage na mémoires tatu, hapa hapa ku cour! Sasa miye nianze kutoa ingine inje, hata ku karatasi? Donc, soma na macho, rudisha."

Kuhusu askari waliochoma vitabu ili maharage yaive, nilimwelewa. Lakini kwa Baba, kitabu kilichofungiwa na kitabu kilichochomwa vilikuwa na tofauti gani?

Basi nilitumia kitu kimoja nilichokijua. Sisi watoto wa kanisani tunakariri mistari tangu wadogo, na kila siku ya yenga, yaani Jumapili, mmoja anasimama mbele kusema bila kitabu. Mimi nilijua sura nzima nzima, ila zamu yangu ikifika, nalia. Nikaanza kukariri mémoire, nusu ukurasa kwa siku. Nasoma, nafumba macho, natoka mbio, nakaa juu ya jiwe nyuma ya ukuta wa chuo, naandika ndani ya kaye, daftari langu la siri, kabla maneno hayajanitoka. Majedwali niliyaruka. Nilitaka sura moja tu, ile ya mambo ambayo mkulima afanye.

Sura ile ilisema ugonjwa ni kuvu, unaingia kwa kidonda cha panga. Mti ulioshikwa ung'olewe, uchomwe palepale. Usibebwe popote, hata kwa kuni.

Hapo nikaacha kuandika. Kahawa iliyokauka inawaka vizuri, maharage yanaiva upesi. Baba alikuwa anaikata, anaipanga kando ya jiko, na majirani anawagawia mizigo kwa wema wake. Nyuma ya jiko hilo kulikuwa na kipande cha mwisho cha kahawa ambacho bado kilikuwa kizima, ndicho kilichonilipia shule. Kikifa kile, na masomo yangu yamekufa.

Siku hiyohiyo mtunza maktaba alinikuta juu ya jiwe. Alinyoosha mkono, nikampa kaye.

"Ni shamba ya baba yangu," nikasema, chini chini.

"Shamba ni ya baba yako. Mémoire ni ya chuo." Akaifungia kaye ndani ya kabati lilelile, pamoja na siri zangu zote kuhusu kijana fulani wa kwaya.

Sikulia, nilikasirika. Jumamosi nikaenda Kalunguta kwa mguu na mama za sokoni. Kwenye kizuizi askari alipekua mfuko wangu. "Uko na document?" Alikuta sabuni na kitenge. Document ilikuwa inapita mbele yake, kichwani mwangu.

Siku ya yenga nilimwambia mchungaji nina mistari ya kusema.

"Ya kitabu gani, binti?"

"Ni mirefu, pasta."

Nikasimama mbele, nikaangalia viatu vyangu. Halafu nikainua macho. Nilisema kwa Kinande, lugha ya kwetu, ili wote wasikie: kuvu, kidonda, kung'oa, kuchoma, usibebe kuni. Koko mmoja, bibi mzee wa benchi la mbele, akauliza kwa sauti, "Hii iko mu Walawi?" Watu wakacheka.

"Hapana, koko. Iko mu kahawa yetu."

Mzee wa kanisa akasimama. "Nani alikupa ruhusa ya kuleta mambo ya chuo hapa?"

"Udongo ulichimbwa kwetu," nikasema. "Miti ilikatwa kwetu. Sombe ilikuwa ya Mama. Majibu nayo ni yetu."

Mchungaji akasema, "Rudia polepole. Mwenye bic aandike." Nilirudia mara tatu.

Nyumbani Baba alisimama mbele ya lundo la kuni. "Kumbe nilikuwa nagawia batu ugonjwa," akasema. Akalichoma lote, halafu akaenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wachome na zao.

Jumatatu niliweka juu ya meza ya maktaba karatasi iliyoandikwa kanisani. "Hii uweke ku kabati, papa. Ingine iko ku meza ya kanisa, na kule kufuli haiko."

Alisoma yote, kidole chini ya kila mstari. "Uliruka," akasema mwishoni. "Panga bapitishe ku moto kabla ya kukata muti ingine."

Kumbe mémoire ile alikuwa ameisoma. Miaka yote hiyo, peke yake, ndani ya koti lake.

"Basi andika, papa."

Aliangalia mlango, akatoa bic mfukoni, akaandika. Halafu akanirudishia kaye.

"Kesho nakuja kusoma ile ya muhogo," nikamwambia.

"Bic ku mulango."

"Siko nayo."