Vigingi Vilivyohama Mgombani

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Ofisi ya miradi ya maji ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo moja mjini Kisii, na Meneja wa Kanda, bwana mrefu mwenye sauti ya upole, alivitazama viatu vyangu kabla hajavitazama vyeti vyangu.

"Mama, umekuja kusimamia miradi au harusi?"

"Miradi, bwana."

"Basi kesho uje na gambuti. Mradi hauko juu ya meza hii. Uko matopeni, na kila asubuhi ni lazima uutembelee kabla haujaamka."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi. Kila siku, kabla ya vibarua kufika, meneja wa mradi alitembea mstari, yaani njia yote ambamo bomba lingepita, kutoka kigingi hadi kigingi. Vigingi ni vijiti tunavyopigilia ardhini kuonyesha mahali pa kuchimba mtaro. Meneja aliyetembea mstari alijua pamelainika wapi, nani ameotesha mahindi usiku mmoja ili alipwe fidia, na nani amenuna. Ndipo tulipokutana na mafundi, tukisimama ili maneno yasiwe mengi, na kila mmoja akasema atafanya nini leo na nini kinamzuia. Mimi niliongeza sala fupi. Hakuna aliyelalamika.

Huko Suneka nilijifunza ratiba. Mradi una kazi nyingi, lakini chache kati yake zikichelewa, zote zinachelewa. Hizo ndizo za kuzilinda kama mboni ya jicho. Kenyenya nilijifunza wadau, yaani watu wote ambao mradi utawagusa, wapende wasipende. Nilidhani nimewajua wadau wote walivyo. Kisha nikapelekwa milima ya Nyamira.

Kazi ilikuwa kuteremsha maji ya chemchemi kutoka kilimani, kupitia mashamba ya majani chai na migomba, hadi zahanati iliyokuwa bondeni, ambako akina mama walijifungua kwa maji ya kubebwa mgongoni. Mkubwa wangu wakati huo alikuwa Mhandisi Mkuu, mtu mwadilifu na mwepesi wa kuamua, lakini mgeni wa milima yetu. Chifu aliitisha baraza, wenye mashamba wakaja, na Mhandisi Mkuu akauliza kama kuna anayepinga bomba kupita kwake. Watu wakakaa kimya.

"Kimya ni ndiyo," akasema. "Twende kazi."

Mzee Ombati, ambaye shamba lake lilikuwa katikati ya mstari, aliinua mkono kukubali. Nyuma kabisa, kati ya wanawake, aliketi Kerubo, mke wa mwanawe, ameinamisha kichwa.

Wiki iliyofuata nilitembea mstari kwenye ukungu, ule ukungu wa Nyamira unaomfanya mtu asione mkono wake mwenyewe. Nilipofika kwa Mzee Ombati nilikuta vigingi vimehama. Havikung'olewa na kutupwa kama mtu mwenye hasira anavyofanya. Vilikuwa vimesimama wima, vimepigiliwa vizuri, vikizunguka kichaka cha migomba na kurudi kwenye mstari upande wa pili. Fundi mkuu, Makori, alivirudisha.

Kesho yake vilikuwa vimehama tena. Nilichuchumaa nitafute mashimo ya jana, na sikuyaona. Ardhi ilikuwa imefunga kama haijawahi kuguswa. Umande ulikuwa umelala kwenye nyasi pande zote, bila alama ya mguu.

"Madam," Makori akasema, "hivi vigingi vina bidii kushinda vibarua wangu. Vinaripoti kazini mapema."

Vibarua walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Ilipotokea mara nyingine, hata Makori hakutania. Soja wetu, mlinzi wa usiku, aliapa hakupita mtu. Alisema mbwa wake alikuwa amekaa akitazama migomba, habweki, anatikisa mkia kama anayemwona mtu anayemjua.

Kanisa langu hufundisha kwamba waliokufa wamelala, nami naamini hivyo. Kwa hiyo nilitafuta aliye hai. Mhandisi Mkuu pia alimtafuta, na akaamua ni Mzee Ombati anayetaka kubembelezwa.

"Jumatatu naleta tingatinga," akaniambia. "Itachimba moja kwa moja. Mvua ikianza kabla hatujapita hapo, mradi umekwisha, na wale akina mama wa zahanati watabeba maji mwaka mwingine."

Kuhusu mvua alisema kweli. Lakini mimi nilikumbuka kichwa kile kilichoinama barazani. Ijumaa nilimfuata Kerubo alipowaletea mafundi chai, nikamwomba anisindikize hadi kwenye migomba. Alitembea nami, kisha akasimama hatua chache kabla ya kichaka, na hakusogea tena.

"Bwakire, mama," nikaanza, nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani. "Ni nani aliye hapa?"

Hakushangaa kwamba niliuliza nani badala ya nini.

"Ni mtoto wangu wa kwanza," akasema. "Hakufikisha hata siku ya kupewa jina. Mama mkwe ndiye aliyemzika, tukiwa wawili tu. Tata, baba mkwe wangu, alikuwa bado anafanya kazi Kericho kwenye chai, na mume wangu pia. Sasa mama mkwe naye ametutoka."

"Na Mzee hajui?"

"Nitamwambiaje?"

Nilimwelewa, kwa sababu mimi pia ni wa huku. Kwetu kuna *chinsoni*, heshima inayomzuia mke wa mwana, na hata mwana mwenyewe, kuzungumza na baba mambo ya mwili na uzazi. Mke wa mwana hatamkaribia baba mkwe, hatamtazama usoni, na hawezi kusimama barazani mbele yake aseme nilizaa na kuzika hapa. Kimya chake hakikuwa ndiyo. Kilikuwa mlango uliofungwa tu.

"Kwa hiyo ukawa unahamisha vigingi," nikasema.

"Mara moja, Madam. Ile siku ya kwanza."

"Na asubuhi zile nyingine?"

Aliniangalia, nikaona hofu ikiingia machoni mwake polepole.

"Nilidhani ni nyinyi," akasema, "mmenionea huruma."

Tuligeuka kurudi. Migomba haikuwa na upepo, lakini jani moja kubwa lilikuwa likitikisika peke yake, na sote wawili tulijifanya hatujaliona.

Sabato nilisali Nyamira. Nilimwomba Mungu hekima, si maelezo. Dada yake Mzee Ombati alikuwa mshiriki wa kanisa hilo, na shangazi ana ruhusa ya kubeba neno ambalo mke wa mwana hawezi kulibeba. Nilimweleza. Alifunga leso yake vizuri, akasema, "Mwanangu, kazi hii niachie mimi," akashika njia ya kwa kaka yake.

Siri haikuwa yangu kumwambia Mhandisi Mkuu, na Jumapili jioni yeye mwenyewe alivipigilia vigingi kwenye mstari ulionyooka. Jumatatu tingatinga ilipanda kilima, ikinguruma ndani ya ukungu. Tulipokaribia, tulimkuta Mzee Ombati amesimama mbele ya migomba na fimbo yake. Kerubo alikuwa mbali kando ya ua, amempa mgongo kama adabu inavyotaka.

"Mzee, ulikubali mbele ya watu," Mhandisi Mkuu akasema.

"Nilikubali shamba langu. Hapa si pangu."

"Ni pa nani, basi?"

Mzee alijibu kwa Kiswahili, akimtazama mgeni, lakini aliinua sauti hadi ikafika uani.

"Ni pa mjukuu wangu. Anaitwa Bosibori. Nimempa jina la mama yangu."

Kerubo hakugeuka. Aliketi tu chini pale pale alipokuwa, akajifunika uso kwa leso, na mabega yake yakatikisika. Mzee hakumtazama, ila alibaki amesimama pale hadi alipotulia.

Ndipo Mhandisi Mkuu alipotazama chini. Vigingi alivyovipigilia kwa mikono yake vilikuwa vimezunguka kichaka, na umande juu yake haukuguswa. Alivua kofia yake ya kazi.

"Madam," akaniambia kwa sauti ndogo, "chora kona."

Bomba likipinda, maji hupoteza nguvu kidogo, nasi tulilazimika kuinua tangi ili kufidia. Lakini tulipita kabla ya mvua, na zahanati ikapata maji. Vigingi havikuhama tena.

Tangu hapo, kote nilikofanya kazi hadi Keroka, sikukubali baraza moja liwe la watu wote. Wanaume niliketi nao kwao, wanawake kwao, na nikamtafuta shangazi wa kubeba yasiyosemeka. Vijana waliona ninachelewesha. Niliwaambia ratiba inayosahau adabu ya watu ni karatasi tu. Kuhusu asubuhi zile nyingine, sina jibu, wala simdai Mungu jibu. Ninamshukuru kwa subira aliyonipa, na kwa kustaafu nikiwa na magoti ambayo bado yanakunjika kwa sala.

Katika ramani ya mwisho ya mradi, kila kona hupewa jina ili mafundi wa matengenezo waipate. Ile niliiandika Bosibori. Majuzi meneja mpya wa huko, kijana mstaarabu, alinipigia simu. Alikuwa anabadilisha mabomba na alitaka kuunyosha mstari.

"Shikamoo, Madam. Hapa kuna jina sielewi. Huyu Bosibori alikuwa mdau gani?"

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Ndiye mwenye shamba. Pita kando."