Majigambo ya Nyar Alego

Mafuriko ya Ahero yalimchukua Apiyo, mtoto mdogo. Mama yake, Dorca, akaketi. Hakupika, hakulima. Mwaka wa 1987 mumewe Dishon, mkulima wa mpunga ambaye hakuwahi kukaa darasani, alimpeleka Kisumu, wodi ya wagonjwa wa akili.

Huko palikuwa na mshauri, Bwana Wepukhulu, kijana wa Bungoma aliyesomea Nairobi. Kazi yake ilikuwa kusikiliza maneno ya wagonjwa. Alieleza vizuri, haki isemwe. Mgonjwa akisema "mimi mzigo," bado. Akianza kutaja watu, chakula, kesho, anapona.

Dishon aliliona hilo kwa macho yake. Mwanzoni mkewe alisema tu, "Afadhali maji yangenichukua mimi." Baadaye akauliza kama ndege wamemaliza mpunga.

Jumapili moja Dishon alimpelekea samaki. Dorca aliinua kifuniko, akasimama.

"Nani ananiletea kidagaa hiki? Mimi Nyar Alego, binti wa Alego. Mimi jua la saa sita, huniangalii bila kofia. Mimi ndovu, mvua inaniosha, hainibebi."

Dishon alicheka hadi machozi. Hiyo ni pakruok, majigambo ya Wajaluo. Ngomani mtu husimamisha muziki, anajisifu, mwenzake anamjibu. Dorca alikuwa bingwa. Ndivyo alivyompata mume.

Dishon aliporudi baada ya siku chache, alimkuta mkewe amelala kama gunia, mate yanamtoka.

"Amezidiwa, Mzee," Wepukhulu akasema. "Anasema yeye ni jua. Anasema yeye ni ndovu. Tumemdunga sindano atulie. Akiendelea, tutampeleka hospitali kubwa Nairobi."

Dishon akavua kofia. Nairobi. Nani angemjibu huko?

"Bwana, kwenu Bungoma kijana akisema yeye ni simba siku ya tohara, mnamleta wodini?"

"Hiyo ni sherehe, Mzee. Hapa ni hospitali."

"Kumbe furaha inaomba ruhusa."

Akamgeukia nesi, Agneta, Mjaluo wa Kisian. "Na wewe Sista ulikuwa hapa. Ulinyamaza?"

"Mimi nimeokoka, Mzee. Mambo ya ngoma niliacha."

"Uliacha kucheza. Na masikio pia uliacha?"



Dishon hakuondoka. Aliketi kando ya kitanda, akakataa kuondolewa. "Sindano ya kesho muiache," akamwambia Wepukhulu. "Halafu njoo ukae hapa. Nitajigamba mimi. Mwenye wazimu anasema peke yake. Huyu atanijibu. Asiponijibu, mpeleke."

Wepukhulu alifikiri sana. Akakubali.

Siku ya pili jioni Dorca alifumbua macho. Ulimi ulikuwa mzito. Wepukhulu akavuta kiti. Dishon akasimama, kofia mkononi.

"Mimi Dishon, mfereji wa Ahero. Nikifunga, hakuna anayekula wali."

Dorca alipepesa macho tu. Dishon akarudia. 

Dorca alilamba midomo. "Mfereji umejaa matope," akasema polepole. "Mimi Nyar Alego ndiye ninayeuzibua."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga makofi. Agneta alishindwa, akacheka mbele ya watu, akaongezea kwa Kijaluo kwamba yeye ni mvua ya Kisian.

"Anakujibu," Wepukhulu akasema.

"Nilikuambia nini?"

"Sikujua, Mzee."

"Hukuuliza."

Wiki hiyo Dorca aliruhusiwa kurudi nyumbani. Hata hivyo Wepukhulu alionya, "Akianza kusema peke yake, mrudishe." Dishon hakumpa mkono.

Dorca alirudi shambani. Alijigamba matangani, sokoni, hata kanisani akakemewa. Moyo ulimsimama mwaka juzi, akiwa amebeba mpunga.

Watu humwambia Dishon amshukuru Mungu, alimpata tena mkewe. Anashukuru. Lakini zile siku alizolazwa Dorca kama gunia kwa kosa la kupona, zilikuwa siku zake. Hakuna aliyemrudishia. Na sasa Dishon angezitaka, hata moja.