Ukuta wa Dada

Asubuhi hizi mtaani kwetu hakuna tena mkwaruzo wa ngazi. Kwa miaka zaidi ya ishirini ulitangulia jua: ngazi ya mbao ikiburutwa kwenye kokoto, ikinyamaza, ikiegemezwa, kisha mluzi wa mtu mmoja. Tulimlaani tukiwa bado kitandani. Siku hizi kimya ndicho kinachotuamsha.

Mwenye ngazi tulimwita Brashi. Jina lake la kitambulisho nililiona mara moja tu, kwenye karatasi ya kura. Maandishi yote ya mtaani yalikuwa ya mkono wake: kinyozi, duka la dawa, hata "Usikojoe hapa" ya nyuma ya soko, aliyoiandika kwa madaha mpaka watu wakaona haya kuikojolea. Kabla ya kuchora aliupapasa ukuta kwa kiganja, kama mzazi anayepima homa ya mtoto, akitafuta unyevu. Ukuta mbichi hakuugusa. "Rudi baada ya wiki," angemwambia mwenye nyumba, na mwenye nyumba angetii.

Siasa aliingia kwa sababu ya uwanja wa zahanati. Kampuni moja ya malori iliutaka uwe maegesho yake, zahanati ihamishiwe ng'ambo ya barabara kuu, na madiwani wangelipigia kura jambo hilo baada ya uchaguzi. Mke wa Brashi, mgonjwa wa sukari, alikwenda pale kila juma kwa fimbo, akipumzika mara mbili njiani.

"Ng'ambo hatafika," Brashi alituambia, akachukua fomu ya udiwani. Tulipomuuliza fedha za mikutano atazitoa wapi, alicheka. "Nina ngazi. Kila ukuta ni mkutano."

Mpinzani wake alikuwa shemeji wa mwenye malori. Huyo hakuja mwenyewe. Alimtuma wakala, kijana mpole mwenye mkoba wa mikataba. Kila mwenye nyumba alikodisha ukuta wake kwa miezi mitatu. Hakuna aliyehongwa, nalisema hili wazi. Sheria iliruhusu, kulikuwa na sahihi, muhuri na risiti. Mimi pia nilitia sahihi.

Brashi alizunguka na ngazi begani, mlango kwa mlango, akirudishwa kwa heshima. Ukabaki ukuta wa dada yake, mrefu, unaotazama kituo cha basi, ambao hakuna asiyeuona. Dada huyo ndiye aliyemlea, na alikuwa amemuahidi.

Alimkuta akianua nguo.

"Dada, nianze lini?"

"Kaa kwanza, mdogo wangu."

"Nikikaa utanipa habari mbaya."

"Basi isikie ukiwa umesimama. Wamekuja jana."

"Dada! Si wifi yako ndiye anayekwenda zahanati ile?"

"Najua. Na paa linavuja juu ya kitanda changu, hilo nalo unalijua. Wewe ulikuja na maneno, wenzako wamekuja na bati."

"Ningekupakia nyumba nzima rangi."

"Rangi haizuii mvua, baba."

Wote wawili walicheka. Dada ndiye aliyeacha kwanza, akajifunika uso kwa shuka aliyokuwa ameianua.

Kesho yake wakala alimfuata Brashi nyumbani na picha mkononi. "Fundi, nasikia huku mchoraji ni wewe tu. Uso huu, kuta zote, tuanze na ule wa kituoni. Taja bei."

"Tafuta mwingine."

"Fundi, ni kazi tu."

"Nimesema tafuta mwingine."

Siku hiyo alitembea kifua mbele. "Kuta wanazo," alimwambia mkewe, "mkono hawana." Siku nne kuta zilibaki tupu. Watu waliosubiri basi waliutazama weupe wa ukuta wa dada wakakonyezana: "Brashi anahutubia." Nasi tuliotia sahihi tulianza kujisikia wema tena.

Siku ya tano lilikuja gari dogo limebeba maturubai ya plastiki yaliyokunjwa kama mikeka, yamechapishwa huko mjini. Vijana wawili, mashine ya kutoboa, nyumba moja dakika kumi. Kufikia mchana uso ule ulikuwa umetabasamu mtaa mzima. Brashi alikwenda kwenye ukuta wa dada yake, akapapasa turubai kwa kiganja.

"Hili haliulizi ukuta chochote," alisema. "Hata ukiwa mbichi linashika."

Aliandika jina lake la Brashi kwenye ngazi, akaibeba begani wiki tatu zilizobaki, akisalimia. Tulimpungia mkono tukiwa tumesimama chini ya uso wa mwenzake. Alipata kura sitini na tatu.

Uwanja ukazungushiwa ukuta. Mkewe alivuka barabara kuu mara mbili, ya tatu akaishia kando ya lami, akarudi. Kinyozi naye akaagiza turubai, kisha duka la dawa.

Ngazi aliiacha kwa dada yake, na fundi bati aliipanda alipoezeka paa. Brashi na mkewe sasa wanaishi kwa binti yao, mji mwingine, katika chumba cha nyuma. Hospitali ni mlango wa tatu kutoka hapo.